Nukta na Mkato: Tarikhi ya Alama Ndogo katika Hesabu za Tiba

Katika yote aandikayo tabibu juu ya mgonjwa wake, hapana kitu kilicho kidogo kwa umbo na kizito kwa matokeo kama ile alama itengayo nambari nzima na sehemu zake za kumi. Kwani ikisogezwa hatua moja kwenda kulia dawa huwa mara kumi, na ikisogezwa hatua moja kwenda kushoto dawa hupungua hata isiweze kuponya, ilhali tarakimu zenyewe ni zile zile, hazikuzidi wala hazikupungua. Na alama hiyo si moja duniani. Mwalimu wa Tanga, wa Nairobi, wa London na wa New York humfundisha mtoto kutia nukta. Mwalimu wa Bujumbura, wa Lubumbashi, wa Maputo, wa Paris na wa Berlin humfundisha kutia mkato. Na mara nyingi alama ambayo mmoja huitumia kutenga sehemu za kumi ndiyo hiyo hiyo mwenziwe huitumia kutenga maelfu. Maadamu nambari ilikaa katika daftari la hospitali iliyoandikwa humo, ikhtilafu hiyo haikumdhuru mtu, kwa sababu mwandishi na msomaji walifundishwa kaida moja. Lakini tangu mashine zilipoanza kupelekeana habari za wagonjwa pasipo mtu kuzisoma njiani, ada mbili zilizokaa mbali mbali kwa karne nyingi zimekutanishwa katika waya mmoja. Muradi wa makala haya ni kueleza asili ya ikhtilafu hiyo, na kuonyesha kwamba suluhu yake haikupatikana kwa taifa moja kulishinda jingine, bali kwa watu kukubali kuwa kuna maandishi ya nyumbani na kuna maandishi ya safarini, na kwamba asimamaye baina ya hayo mawili amebeba amana ya uhai wa watu.

Sehemu za kumi hazikuzaliwa Ulaya, kama wengi wadhanivyo. Tarakimu tisa na sifuri zilitoka Bara Hindi, zikaenezwa na maulamaa wa Baghdad, na hasa Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyetunga kitabu juu ya hisabu ya Kihindi katika karne ya 9. Bali kitabu cha kale kabisa kijulikanacho kilichozigawa tarakimu hizo katika sehemu za kumi kiliandikwa Damascus, mwaka 341 wa Hijra, yaani 952 au 953 wa Miladi, na Abu al-Hasan al-Uqlidisi. Mwanachuoni huyo aliichukua 19, akaikata nusu, na nusu hiyo akaikata nusu tena, hata ikawa mara tano, akapata ile ambayo sisi twaiandika 0.59375, na ili msomaji ajue nambari nzima inakoma wapi, akatia kistari kidogo juu ya mahali pa mamoja. Karibu karne tano baadaye al-Kashi wa Samarkand, aliyefanya kazi katika jumba la falaki la mtawala Ulugh Beg, alimaliza kitabu chake Miftah al-Hisab mwaka 1427, na humo akaziweka sehemu za kumi katika utaratibu kamili. Ndipo katika mwaka 1585 Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, alipopiga chapa katika mji wa Leiden kijitabu kiitwacho De Thiende, akiwaandikia wapima ardhi, wanafalaki na wafanyabiashara, ili wapate kuhesabu sehemu kwa wepesi ule ule wa kuhesabu nambari nzima. Stevin hakutumia nukta wala mkato: kila tarakimu aliiambatanisha na duara lenye nambari ya daraja yake, njia iliyokuwa bayana kwa macho lakini nzito kwa mkono.

Uzito huo ndio uliowafanya waliofuata watafute alama nyepesi, na hapo njia zikaanza kupambanuka. John Napier wa Uskoti, mvumbuzi wa logarithi, alitaja nukta na mkato pamoja katika kitabu chake cha 1617, na katika kitabu kilichotolewa mwaka 1619, baada ya kufa kwake, nukta ikashika nafasi. Nao Waingereza, waliokuwa wakizisoma kwa bidii hesabu za Napier, wakaifuata. Katika bara la Ulaya mambo yalikwenda njia nyingine. Leibniz alimwandikia Johann Bernoulli mwaka 1698 kwamba hakuipenda alama ya msalaba ya kuzidishia, kwa kuwa huchanganyika na herufi x, akapendelea nukta. Na palipokuwa nukta imekwisha kupewa kazi ya kuzidisha, mkato ukabaki kuwa chaguo jepesi kwa sehemu za kumi. Hata Waingereza wenyewe hawakuiweka nukta yao mahali pamoja, kwani wapiga chapa wengi waliiinua hata katikati ya kimo cha tarakimu, na jarida la tiba la The Lancet, lililoanzishwa London mwaka 1823, lingali laipiga chapa hivyo mpaka zama zetu. Waarabu wa mashariki nao walikuwa na sababu yao ya kuikwepa nukta, kwa kuwa katika tarakimu zao nukta ndiyo sifuri, na kiduara ambacho Mzungu angekiita sifuri ndicho tano. Kwa hiyo wakatumia alama iliyopinda mfano wa mkato. Na Wahindi, ambao ndio asili ya hisabu yote hii, hutenga maelfu mara moja tu, kisha hutenga kwa tarakimu mbili mbili, hata laki moja yao huandikwa 1,00,000.

Afrika Mashariki na ya Kati haikuchagua miongoni mwa ada hizi. Ilizirithi pamoja na mipaka yake. Katika pwani, ambako hati za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, tarakimu zilikuwa za Kiarabu. Na fedha, ambayo ndiyo hisabu ya kwanza ya mtu wa kawaida, ilikuwa rupia yenye pesa 64, isiyokuwa na sehemu za kumi hata kidogo. Wajerumani waliigeuza rupia yao kuwa ya hela 100 katika mwaka 1904. Waingereza, baada ya kuitwaa Tanganyika, wakaleta shilingi ya senti 100, na pamoja nayo wakaleta nukta mashuleni na mkwaju madukani, hata bei ya shilingi mbili na senti hamsini ikaandikwa 2/50. Wabelgiji walioitawala Kongo, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakapewa Ruanda-Urundi, waliacha mkato. Wareno waliacha mkato huko Msumbiji. Na Afrika Kusini, iliyokuwa na desturi ya Kiingereza, iliamuru mkato katika sheria zake za vipimo katika miaka ya 1970, ingawa watu wake wengi hawakuiacha nukta. Hivyo watu walio na lugha moja wakawa na kaida mbili za kuandika nambari. Hata katika majedwali yazifahamishayo kompyuta namna kila taifa liandikavyo, Kiswahili kina mlango wa Tanzania, Kenya na Uganda wenye nukta, na mlango wa Kongo wenye mkato. Na mtu avukaye Ziwa Tanganyika kutoka Uvira hadi Kigoma hahitaji mkalimani wa maneno, lakini karatasi yake ya maabara yahitaji mkalimani wa tarakimu.

Wakubwa wa vipimo duniani waliiona ikhtilafu hii mapema, wala hawakuthubutu kuikata. Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo, uliokutana Ufaransa mwaka 1948, ulihukumu kwamba mkato wa Wafaransa na nukta ya Waingereza vyote viwili ni halali kwa kutenga sehemu za kumi, na kwa kazi hiyo peke yake. Ama maelfu, yatengwe kwa nafasi tupu, isitiwe nukta wala mkato. Mwaka 2003 mkutano huo huo ukaikariri hukumu yake kwa maneno ya wazi zaidi. Tukiitazama kwa insafu, hukumu hii ina hekima kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani haikumvunjia mtu ada ya shule yake. Ilichokataza ni alama moja kufanya kazi mbili. Nambari iliyoandikwa 12 500 haimdanganyi mtu wa Dodoma wala wa Kinshasa, bali 12,500 ni elfu kumi na mbili na mia tano kwa huyu, na ni kumi na mbili na nusu kwa yule, na katika kuhesabu chembe nyeupe za damu tofauti hiyo ndiyo tofauti ya ugonjwa mmoja na mwingine.

Suluhu yenyewe, hata hivyo, ilitoka kwa watu wa kompyuta. Lugha ya FORTRAN, iliyotolewa Marekani mwaka 1957, iliandikwa kwa nukta pasipo mtu kuuliza. Lakini mwaka uliofuata, mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, watu wanane walikutana Zürich, wanne kutoka Marekani na wanne kutoka Ulaya, watunge lugha moja ya kuandikia programu, ile iliyokuja kuitwa ALGOL. Na kwa masimulizi ya Alan Perlis, aliyekuwamo, mkutano ulikwama juu ya nukta na mkato, hata mmoja wao akaipiga meza kwa ngumi akisema kwamba kamwe hatatumia nukta. Usiku ule Joseph Wegstein wa Marekani akaziendea pande zote mbili, na asubuhi akaja na shauri kwamba lugha iwe na daraja tatu: ya kwanza ya marejeo, ambayo maana zote zitawekwa kwayo, ya pili ya kuchapishia vitabu, ambayo kila taifa litaiandika kwa ada yake, na ya tatu ya kila mashine kwa kadiri ya vyombo vyake. Shauri likakubaliwa na kazi ikaendelea. Kama wafanyabiashara wawili wenye mizani mbali mbali, ambao wakikutana hukubaliana kupimia mizani ya tatu na kila mmoja akarudi kwake na mizani yake, ndivyo wale wanane walivyoamua. Na yote yaliyo mema katika mapelekeano ya habari za tiba leo yamesimama juu ya msingi huo, ijapokuwa wengi waliojenga juu yake hawakumbuki ulipowekwa.

Mapelekeano hayo yalianza kupata kanuni ya pamoja mwaka 1987, ilipoundwa Marekani jumuiya ya HL7, kwa haja ya kuziwezesha kompyuta za idara mbali mbali za hospitali moja kusemezana: maabara na wodi, wodi na famasia, famasia na ofisi ya malipo. Ujumbe wao ulikuwa mistari ya maandishi iliyotengwa kwa vijiti vya wima, na kila kipande cha habari kilipewa namna yake. Kwa nambari sharti lilikuwa fupi: alama ya kuzidi au kupungua ikihitajiwa, kisha tarakimu, kisha nukta ikihitajiwa na tarakimu zifuatazo, zaidi ya hayo kisitiwe kitu. Mkato wa maelfu ni marufuku, na mkato wa sehemu za kumi ni marufuku vile vile. Mjerumani au Mfaransa angeweza kuona kuwa hii ni ada ya Marekani iliyovishwa joho la kanuni ya ulimwengu, naye asingekosa hoja. Lakini ilimradi kioo cha daktari wa Berlin kingali chamwonyesha mkato, nukta iliyo ndani ya ujumbe haimwondolei chochote, kwa kuwa ni mwandiko wa safarini tu.

Hatari imo katika lango, mahali mwandiko wa nyumbani unapogeuzwa kuwa wa safarini, au wa safarini kuwa wa nyumbani. Mashine haina mashaka kama mtu. Ikipewa 4,2 haijiulizi mwandishi alikuwa wa taifa gani. Ziko programu ambazo zikiukuta mkato huudhani ni wa maelfu, zikautupa, na 4,2 ikawa 42; ziko ambazo huishia pale pale kwenye alama zisiyoijua, na 4,2 ikawa 4. Lugha ya Java, inayotumika sana katika mifumo ya hospitali, ina njia ya kusoma nambari isiyobadilika popote, na ina njia nyingine ifuatayo desturi ya nchi iliyowekwa katika kompyuta: kwa njia hii ya pili, 4.2 huwa 42 penye desturi ya Kijerumani, na huwa 4 penye desturi ya Kifaransa. Fauka ya hayo, mafaili mepesi ya majedwali, ambayo afisa wa takwimu huyatoa katika mfumo mmoja ili ayaingize katika mwingine, aghalabu hutenga safu zake kwa mkato. Na penye mkato wa sehemu za kumi, nambari moja huvunjika ikawa safu mbili, na safu zote zifuatazo zikasogea, hata uzito wa mtoto ukaangukia mahali pa umri wake.

Wala haifai kudhani kwamba kosa kubwa ndilo kosa la hatari. Potasiamu ya damu ya mtu mzima mwenye afya huwa baina ya 3.5 na 5.0 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Ikisomwa 42, muuguzi yeyote atastuka na kuirudisha maabara. Lakini kreatinini ya damu, ipimwayo kwa miligramu kwa desilita ili kujua hali ya figo, ikiwa 1,9 ikakatwa ikawa 1, hapana atakayestuka, kwa kuwa 1 ni nambari ya mtu mwenye figo nzima. Nayo figo inayougua itapewa dawa kwa kiasi cha figo nzima. Uko pia uzito wa kuzaliwa, ambao ndani yake nambari ile ile huwa kweli pande zote mbili: 3,250 kwa mkunga wa Dar es Salaam ni gramu elfu tatu mia mbili na hamsini, na 3,250 kwa mkunga wa Lubumbashi ni kilo tatu na robo, na mtoto ni mmoja, wa uzito mmoja. Kinachowatenga ni jina la kipimo likiandikwa karibu na nambari. Likiachwa, hapana mashine wala mtu awezaye kuhukumu. Kwa sababu hii kanuni za baadaye hazikuridhika na nambari peke yake, bali zilitaka kila nambari isafiri na kipimo chake katika uwanja wake wenyewe, kwa orodha ya alama za vipimo iitwayo UCUM, iliyotungwa na Gunther Schadow na Clement McDonald wa Taasisi ya Regenstrief huko Indianapolis.

Taasisi hiyo ina uhusiano na nchi zetu. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza mwaka 2001 kutunza habari za wagonjwa katika kompyuta kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana. Na kutokana na maarifa yaliyopatikana huko ikatungwa, kuanzia mwaka 2004, programu ya OpenMRS, ambayo mwaka 2006 ilianza kazi Eldoret, na mwaka huo huo Rwinkwavu nchini Rwanda. Hapo programu moja ilikutana na nchi ya nukta na nchi ya mkato kwa wakati mmoja. Vile vile DHIS2, mfumo wa ripoti za afya ambao shina lake liliota Afrika Kusini baada ya mwaka 1994 kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Oslo, na ambao Kenya iliueneza nchi nzima kwa njia ya intaneti mwaka 2011, unatumika leo katika mataifa ya Kiingereza, ya Kifaransa na ya Kireno. Kwa hiyo jambo hili, ambalo kwa mtu wa Ulaya laweza kuwa habari ya mpaka wa mbali, kwetu ni la kila siku: makarani wetu wa takwimu ndio walio langoni.

Imebaki habari ya sifuri, ambayo watu wa tiba walijifunza kwa maumivu. Nukta ni ndogo, na katika mwandiko wa mkono au karatasi iliyopelekwa kwa faksi hupotea, 1.0 ikasomwa 10, na .5 ikasomwa 5. Kwa hiyo tume ya Marekani inayokagua hospitali, iitwayo Joint Commission, ilitoa mwaka 2004 orodha ya miandiko iliyokatazwa, na ndani yake ikaamuru kwamba katika kuandika dawa sifuri isitiwe baada ya nukta pasipo haja, wala isiachwe kabla ya nukta. Lakini ikaruhusu sifuri ya mwisho katika majibu ya maabara, kwa kuwa huko ina maana. Maana hiyo ni uangalifu wa chombo: aliyepima 2.0 amepima kwa makini kuliko aliyepima 2. Kanuni za kwanza za HL7 zilizihesabu 01.20 na 1.2 kuwa kitu kimoja. Kanuni mpya ya FHIR, iliyoanza kutungwa mwaka 2011 na Grahame Grieve wa Australia, imeamuru kinyume chake, kwamba 0.010 na 0.01 zitofautishwe, na sifuri aliyoiandika mpimaji ihifadhiwe hadi mwisho wa safari. Na hayo ni maendeleo ya haki, maana anayebeba maneno ya mwingine hana ruhusa ya kuyafupisha.

Kutokana na tarikhi hii zatokeza faradhi tatu, nami nazisema kwa yakini kwa kila anayetunga au kutunza mifumo ya afya katika nchi zetu. Ya kwanza, kaida ya nyumbani ihifadhiwe: mganga wa Bukavu aonyeshwe mkato na mganga wa Mwanza aonyeshwe nukta, kwani kumlazimisha mtu aliyechoka asome kwa kaida ya ugeni ni kuzalisha kosa. Ya pili, mwandiko wa safarini uwe mmoja, uandikwe katika mkataba wa mapelekeano na kutajwa waziwazi ndani ya programu, wala usiachiwe desturi ambayo fundi fulani aliiweka katika kompyuta siku ya kuinunua. Ya tatu, iliyo kubwa kupita zote, lango lisikisie: nambari isiyoeleweka kwa yakini ikataliwe na kurudishwa kwa mwenyewe, hata kama ripoti ya mwezi itachelewa. Al-Uqlidisi alitia kistari chake juu ya mamoja ili msomaji asiyemjua, katika mji asioufikia, asipotee. Na mashine zetu, zenye wasomaji wengi zaidi na miji ya mbali zaidi, zadaiwa uangalifu usiopungua ule. Ripoti iliyochelewa huweza kutimizwa mwezi ujao, ama dozi iliyotolewa kwa nambari iliyokisiwa hairudishwi chupani.